Timu ya chuo inafungwa kila wikendi: tumdai kocha kitu gani?

*Swali: "Mwalimu, salamu. Mimi ni Mtanzania, naishi jimbo moja la kaskazini mwa Marekani, karibu na mpaka wa Canada, huu ni mwaka wa 12. Huku kandanda halina nguvu. Mji mzima roho yake iko kwenye hoki ya barafu ya chuo kikuu. Mwanangu wa kwanza alisoma pale, nikanogewa, na sasa nina tiketi za msimu, mimi na mdogo wake wa miaka 13. Kocha wetu yuko msimu wa 3. Msimu huu tumecheza mechi 24: tumeshinda 6, sare 2, tumefungwa 16. Nimekuambatanishia matokeo yote. Zamani timu hii ilikuwa inafika mashindano ya taifa. Kinachoniudhi zaidi, tukiwa nyuma kwa goli moja dakika za mwisho, kocha anamtoa kipa, anaacha goli tupu, tunapigwa jingine. Huo si uzembe? Wenzangu uwanjani wameanza kuimba aondoke, nami naimba nao. Yanga walimtimua kocha katikati ya msimu na ubingwa wakachukua; sisi tunasubiri nini? Ila mke wangu anasema timu ikifungwa nyumba nzima inanuna kwa sababu yangu, na Jumamosi iliyopita kijana wangu amekataa kwenda uwanjani na mimi. Shabiki ana haki ya kutegemea nini, na kocha apewe muda gani?"*

Ndugu yangu, nianze na hilo goli tupu, maana ndilo linalokuchemsha damu na ndilo rahisi kulimaliza.

Kocha wako hafanyi uzembe. Katika hoki ya barafu kila timu ina watu 6 barafuni, kipa akiwa mmoja wao, na kanuni zinaruhusu kumtoa kipa na kuingiza mshambuliaji wa ziada wakati wowote. Timu iliyo nyuma kwa goli moja, zikiwa zimebaki dakika 2 au 3, inapiga hesabu nyepesi: ukifungwa 3-2 huna pointi, na ukifungwa 4-2 huna pointi vilevile. Cha kupoteza hakipo, cha kupata kipo. Sisi tuliokuzwa na kandanda tukiona goli tupu tunashika kichwa, kwa sababu kwetu tofauti ya magoli inaweza kukunyima ubingwa. Huku kinachotangulia ni ushindi.

Aprili 2023, kwenye fainali ya taifa mjini Tampa, Quinnipiac, chuo cha Connecticut, walikuwa nyuma 2-0 mbele ya Minnesota. Wakapunguza moja. Wakamtoa kipa, wakasawazisha zikiwa zimebaki chini ya dakika 3. Muda wa nyongeza ukaanza, na sekunde ya 10 wakafunga la tatu, ukawa ubingwa wao wa kwanza. Kocha wao alicheza kamari ileile ambayo wa kwenu anaicheza. Tofauti ni kwamba yake ilijibu.

Sasa chukua matokeo uliyonitumia. Nimepita mechi zote 16 mlizofungwa na kufuta magoli yaliyoingia goli likiwa tupu. Mechi 9 kati ya hizo, hadi dakika 3 za mwisho mlikuwa nyuma kwa goli moja tu. Sisemi kwamba timu yenu ni nzuri. Timu nzuri hupindua baadhi ya mechi za namna hiyo. Nasema timu iliyofungwa hivyo haijaoza. Kuna timu inapigwa sita bila nyumbani, na kuna timu inakosa kitu kimoja au viwili. Tiba zao si moja.

Kitu cha kwanza cha kukitazama ni kipa. Kwenye kandanda kipa anaweza kumaliza mechi amedaka michomo 4. Kipa wa hoki anapigiwa kama 30 kwa usiku mmoja. Msimu wa chuo una mechi kama 34 kabla ya mtoano, kwa hiyo ni mashuti elfu moja na kidogo. Kipa anayeokoa 92 katika kila 100 ataruhusu magoli kama 82 msimu mzima. Anayeokoa 89 ataruhusu kama 112. Tofauti ya mashuti 3 katika 100 huwezi kuiona kwa macho ukiwa jukwaani, hata uwe mjuzi namna gani, lakini mwisho wa msimu ni magoli 30, karibu goli moja kila mechi. Timu inayobebwa mabegani na timu inayozomewa mara nyingi zimetenganishwa na hicho tu. Na sehemu ya hizo tatu haina mwenyewe: kile kisahani cheusi kinachopigwa badala ya mpira kinagonga kiatu cha beki wako, kinabadili njia, kipa ameshalala upande mwingine. Mchezo wenye magoli machache una nafasi kubwa ya bahati, nzuri na mbaya, na bahati mbaya inaweza kukaa na timu miezi miwili bila mtu yeyote kuikosea.

Kitu cha pili kiko mbali na macho ya shabiki, nacho ni kikubwa zaidi. Kocha wa chuo hapati wachezaji kama klabu ya kulipwa inavyowapata. Kwa kawaida kijana huonwa akiwa na miaka 16 au 17, anatoa ahadi ya kuja, kisha anapelekwa ligi za vijana kama USHL akomae, na anaingia chuoni akiwa na miaka 19 au 20. Hapo ndipo anaanza miaka yake 4. Kwa hiyo kocha anapokuwa msimu wa 3, wengi wa wakongwe wake walichaguliwa na aliyemtangulia, na wale aliowachagua yeye ndio kwanza wanajifunza wasimame wapi wakati mpinzani anaingia kwa kasi. Anapika kwa viungo alivyovikuta jikoni. Ukitaka kuona upishi wake mwenyewe, angalia msimu wa 4 na wa 5.

Mfano ninaoupenda ni wa Jerry York. Alipochukua Boston College mwaka 1994 hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa ameshatwaa ubingwa wa taifa mwaka 1984 akiwa Bowling Green. Hata hivyo misimu yake mitatu ya mwanzo pale Boston alifungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda. Mitatu, ndugu yangu, kama wa kwenu. Msimu wa 4 akafika fainali, Michigan wakamfunga katika muda wa nyongeza. Mwaka 2001 akatwaa ubingwa, kisha 2008, 2010 na 2012, na alipostaafu mwaka 2022 alikuwa na ushindi wa mechi 1,123, hakuna kocha wa hoki ya vyuo aliyewahi kufikia hapo. Na yule kocha wa Quinnipiac, Rand Pecknold, naye alianza pale mwaka 1994, chuo kikiwa bado daraja la pili. Alifungwa fainali ya 2013, akafungwa ya 2016, akashinda ya 2023.

Lakini sitaki kukulaza kwa hadithi tamu. Hawa tunawakumbuka kwa sababu walifika. Wapo makocha waliopewa miaka mitano na hawakuacha kitu, na majina yao hayasimuliwi. Na mambo yenyewe yamebadilika. Siku hizi mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima. Tangu Agosti 2025 vijana waliocheza ligi kubwa za vijana za Canada, waliokuwa wamefungiwa mlango miaka mingi, wanaruhusiwa kuja vyuoni. Gavin McKenna, kijana aliyekuwa akizungumzwa kuliko wote, alikwenda Penn State. Mwaka huohuo vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Maana yake ni kwamba kocha mwenye fedha anaweza kujenga kikosi haraka kuliko zamani, na asiye na fedha anaweza kuamka Aprili akakuta wachezaji wake wawili bora wameshachukuliwa. Kabla ya kumdai kocha wako, uliza chuo chako kiko upande gani.

Sasa hilo la Yanga. Umelisema kweli, ila umelikata nusu. Novemba 2024 waliachana na Miguel Gamondi, akaja Sead Ramovic, naye akaondoka Februari 2025, Miloud Hamdi akamalizia kazi na ubingwa ukabaki Jangwani. Makocha watatu, ubingwa mmoja. Lakini Yanga walikuwa mabingwa watetezi, misimu mitatu mfululizo, kikosi kimeshiba. Dereva alibadilishwa, gari lilikuwa zima. Kwenu mnataka kubadilisha dereva wakati tatizo linaweza kuwa kwenye injini.

Angalia Wisconsin, walio na mataji 6 ya taifa na mashabiki wasioridhika na kidogo. Msimu wa 2022-23 walishinda mechi 13, wakafungwa 23. Kocha Tony Granato akaondolewa, akaletwa Mike Hastings kutoka Minnesota State, na wachezaji kadhaa wakamfuata. Msimu wake wa kwanza: ushindi 26, vipigo 12, sare 2, wakaingia mashindano ya taifa. Kila aliyekuwa ameimba "aondoke" alijiona nabii. Lakini golini msimu ule alisimama Kyle McClellan, aliyepewa tuzo ya kipa bora wa hoki ya vyuo nchini, na alikuwepo tangu enzi ya Granato. Akamaliza masomo, akaondoka. Msimu uliofuata, kocha yuleyule, barafu ileile: ushindi 13, vipigo 21, sare 3. Hastings hakusahau kufundisha katika miezi sita ya kiangazi. Ukiitazama timu kwa msimu mmoja mmoja, kocha huyohuyo utamwita mchawi mwaka huu na mzigo mwakani.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu vyuo vya Marekani vilivyofukuza makocha wa mpira wa Kimarekani. Timu zilizokuwa mbaya sana zilipobadili kocha, baada ya muda zilikwenda karibu sawa na timu mbaya nyingine zilizomvumilia wake. Timu za katikati zilizobadili zilifanya vibaya zaidi kuliko zile zilizotulia. Si hoki, lakini muundo wa chuo ni uleule, na mimi matokeo hayo nayaamini kwa sababu yanafanana na niliyoyaona.

Utaniuliza, basi kocha asiguswe? Hapana. Mwezi Machi 2025, North Dakota, chuo chenye mataji 8 na uwanja unaochukua watu zaidi ya 11,000, kilimwondoa Brad Berry, aliyewaletea ubingwa wa 2016 katika msimu wake wa kwanza. Msimu ule wa mwisho alishinda mechi nyingi kuliko alizofungwa, ila hawakuingia katika timu 16 za mashindano ya taifa, na pale kukosa nafasi hiyo ni msiba. Mimi nisingefanya hivyo, lakini naelewa walichokuwa wanakidai, kwa sababu walikuwa wameweka mali inayolingana na madai. Chuo chenye nusu ya uwezo huo kikidai kitu kilekile kinamwonea kocha. Katika daraja la kwanza kuna timu zaidi ya 60, na nafasi ni 16. Zinazobaki nje ni nyingi kuliko zinazoingia, na si zote zina makocha wabovu.

Haya ndiyo ninayoona una haki kamili ya kuyategemea kwa kocha wa msimu wa 3. Wachezaji wa mwaka wa tatu wawe bora kuliko walivyokuwa mwaka wa kwanza. Hili likikosekana, mimi mwenyewe naanza kuwa na shaka. Mashuti mnayopigiwa yapungue, hasa yale ya karibu na goli, hata kama magoli bado yanaingia. Vijana wapya wanaoahidi kuja wawe wazuri kuliko waliopo. Wachezaji wamalize masomo. Na kocha aeleze kazi yake kwa adabu anapoulizwa. Ubingwa haumo humo, na msimu wa ushindi mwingi nao haumo bado. Mwisho wa msimu wa 4 vitu hivyo vikiwa havijasogea, andikeni barua kwa mkurugenzi wa michezo, mseme wazi, mweke majina yenu. Na kuna jambo moja lisilosubiri msimu: ukisikia kocha anawatukana au kuwadhalilisha vijana, au anawalazimisha kucheza wakiwa wameumia, kibarua chake kiote nyasi siku hiyohiyo, hata awe anaongoza ligi.

Kuimba "aondoke" ni jambo jingine, na hapa naomba unisikilize kwa moyo. Miaka ya nyuma nilikuwa nafanya kazi na timu moja ya chuo, jina lake nitaliacha. Baada ya kipigo cha Ijumaa nilitoka mlango wa nyuma, theluji inadondoka, nikamkuta kipa wetu ndani ya gari lake, injini inaunguruma, taa za ndani zimezimwa, uso umemulikwa na simu. Alikuwa anasoma waliyomwandikia. Alikuwa na umri wa miaka 20. Nilipogonga kioo aliificha simu chini ya paja kama mtoto aliyekutwa na kitu cha wizi. Jumamosi alidaka vibaya kuliko Ijumaa, na kulikuwa na sababu: kipa anayefikiria watu watasema nini anachelewa kidogo mno kwa saa, na kwenye shuti la kasi kidogo hicho ndicho goli. Nyinyi mnadhani mnamwimbia kocha. Wanaosikia ni watoto wa watu walioketi kwenye benchi mbele yake, nao wanajua kabisa kwamba kocha anaimbiwa kwa sababu yao.

Sasa nyumbani. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti waliofanya katika vyuo vya Marekani. Timu ya chuo ikishinda Jumamosi, Jumatatu wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo. Walipopigiwa simu na kuombwa wasimulie mechi, ushindi waliusimulia kwa "tu-" na kipigo kwa "wa-": tumeshinda, wamefungwa. Wengi wetu tuko hivyo, na ni kinga nzuri tu ya moyo. Lakini wewe umeniandikia "tumefungwa 16". Hujajitoa hata kwenye kipigo. Mapenzi ya namna hiyo ni adimu na nayaheshimu, ila yana gharama: kidonda cha timu kinakuwa chako, na mtu mwenye kidonda asichoweza kukitibu hutafuta wa kumlaumu. Ukiwa uwanjani ni kocha. Ukifika nyumbani aliyepo ni mke na mtoto.

Kijana wako sidhani kama amechoka na hoki. Mtoto wa miaka 13 akikataa kwenda na baba yake mahali alipokuwa akipapenda, mara nyingi anakimbia uso wa baba. Muulize, mkiwa wawili, kwenye gari, bila kumkatiza, na akikuambia ukweli usijitetee.

Nikupime na wewe, nawe ujibu kwa dhati. Usingizi unakatika usiku wa mechi hadi Jumatatu? Pombe imeongezeka siku za mechi? Umeweka fedha kwenye mechi hizi, hata kidogo, hata kwenye simu? Umewahi kumwandikia mchezaji au kocha ujumbe usiotaka mkeo auone? Kama kuna "ndiyo" hata moja, tafuta mshauri wa saikolojia mkaonane ana kwa ana. Anza na daktari wako wa kawaida, atakuelekeza, na waweza kuomba mkalimani wa Kiswahili ikiwa hayo mambo yanatoka vizuri kwa lugha ya nyumbani. Kama ni kamari, usisubiri mwisho wa msimu, na mwambie mkeo kabla ya daktari. Na ikiwa nyuma ya hasira kuna giza zito zaidi, mawazo ya kujidhuru au kuona maisha hayana maana, huko uliko piga 988 saa yoyote.

Kama majibu yote ni "hapana", basi nina kazi ya kukupa. Ijumaa ijayo omba mbadilishe viti, mkae nyuma ya goli la timu yenu, wewe na kijana. Chukueni karatasi, mchore goli na eneo la mbele yake. Kila shuti mnalopigiwa, yeye aweke nukta mahali lilipopigwa. Likiingia, aizungushie duara. Wewe andika namba ya mchezaji wenu wa mwaka wa kwanza kila anapopoteza kisahani. Fanyeni hivyo mechi 10 zilizobaki, karatasi moja kila mechi, halafu mnitumie zote. Nitazipitia moja moja, na nukta zikisogea mbali na goli au zikikaribia, nitakuandikia nilichokiona kuhusu kocha wenu.